Nasari Tatu za Wadi Moja



Leo sitaki kukuongelesha habari za Nairobi wala za Bunge. Nataka tuongee habari za mtoto wa miaka minne. Wa dada yako, wa jirani yako, au wako mwenyewe kama Mungu ashakujaalia. Yule ambaye asubuhi avishwa mkoba mkubwa kumshinda, ashikwa mkono, aambiwa "haya twende nasari". Swali langu kwako ni moja: huko anakopelekwa, wajua ndani kukoje?

Mimi sikujua. Na mimi ndiye yule unayemwona kwenye mikutano ameshika maiki akisema elimu ni haki yetu.

Nikupe kisa chenyewe. Mwaka jana dada yangu aliniambia mwanawe amemaliza mihula miwili ya PP1 na bado penseli aishika kama kijiko. Mtoto alikuwa nasari ya umma, ya kaunti. Nikafanya kile ambacho kila mmoja wetu mwenye visenti hufanya. Nilimtoa, nikampeleka akademi ya mtaani, karo nikawa nachangia. Nikajiona nimefanya kazi ya maana. Hata mwezi haukuisha nikakutana na jirani yetu, mama muuza mahamri, ambaye mwanawe alikuwa akikaa kando ya wa dada yangu. Hakunigombeza. Alinambia tu: "Wewe umemtoa wako. Sisi sasa atatusemea nani?"

Nilikosa jibu. Maanake mtu aliyekuwa na muda, na simu yenye bando, na diploma, na mdomo wa kuongea, ndiye aliyeondoka kwanza.

Basi nikachukua daftari.

Nasari za umma ambazo mtoto wa mtaani kwetu aweza kutembea akafika ni tatu. Zote ziko wadi moja, kaunti moja, MCA mmoja, bajeti moja. Niliomba ruhusa kwa walimu, nikakaa asubuhi moja katika kila nasari, nikaandika nilichokiona. Majina siandiki, wala jina la wadi. Usinione muoga. Nikitaja shule, wa kwanza kuitwa ofisini ni mwalimu, na mwalimu ndiye mwenye lawama ndogo kuliko wote. Nikitaja wadi, wewe uliye wadi nyingine utasema "ah, hayo ni ya huko kwao", kisha uendelee kupitisha kidole kwenye simu. Kenya ina wadi 1,450. Soma hivi ukijiuliza kama hii ni yako.

Ya kwanza ndiyo nzuri kwa picha. Jengo jipya, mabati ya rangi, ukutani wamechora ndovu na herufi. Siku ya kufunguliwa kulikuwa na mahema na muziki, na picha zake mpaka leo zazunguka Facebook. Ina vyumba viwili. Kimoja kimefungwa kufuli. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa mwalimu ni mmoja. Kwa hivyo PP1 na PP2 wote wamo chumba kimoja, siku hiyo walikuwa watoto 58, na mwalimu wao asubuhi nzima kazi ilikuwa kuwanyamazisha wanaolia na kuwasindikiza wanaotaka choo. Vyoo vipo, vizuri, vya kipimo cha mtoto. Maji hakuna, tangi lipo lakini halijaunganishwa na mfereji. Humu ndimo alimokuwa mtoto wa dada yangu. Kumbe hakuwa mzito wa kujifunza. Zamu yake ya kufikiwa ilikuwa haifiki.

Ya pili iko karibu na msikiti. Ni chumba cha zamani kilichojengwa kwa michango ya wazazi miaka mingi kabla ya kaunti kuwapo, kisha kaunti ikaleta mwalimu ikakihesabu chake. Kuta zamwaga chokaa. Viti nilihesabu 19, watoto walikuwa 34, waliobaki walikaa mkekani. Choo wanachotumia ni cha msikiti, na mtoto avuka njia ya bodaboda ili afike. Lakini mwalimu! Wallahi nilikaa mpaka nikasahau kuandika. Vifuniko vya soda amevifanya hesabu, maboksi ameyakata herufi, na kila mtoto alitambua jina lake likiandikwa ubaoni. Mwalimu huyu yuko kwa mkataba. Mshahara ukichelewa, jioni akaanga viazi karai auze.

Ya tatu iko ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Si jengo jipya, paa limetiwa viraka. Lakini walimu ni wawili, kila darasa lina wake. Maji yapo. Viti vyatosha. Uji wapikwa saa nne, na mzazi akilipa pesa ya uji apewa risiti. Mwalimu wa PP2 alinionyesha faili ya kila mtoto, ameandika nani ameanza kuchora duara na nani bado aona haya kuongea.

Sasa ngoja hapo. Kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Mtoto wa upande huu wa barabara apata mwalimu, wa upande ule apata kufuli. Wakifika Gredi ya 6 wote wawili watafanya mtihani mmoja wa KPSEA, na sisi tutasema huyu ana akili na yule hana.

Kabla hujamtafuta wa kumlaumu, jua kwanza nasari ni za nani. Elimu ya msingi ya bure ilipokuja mwaka 2003 ilianzia darasa la kwanza. Nasari iliachwa nje. Mzazi aliendelea kulipa, na mtaa uliokosa pesa ulijengewa na kanisa, na msikiti, na wazazi wenyewe, au haukujengewa kabisa. Ndipo Katiba ya 2010 ikaiweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti: Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, nambari 9. Kaunti zikaanza kazi 2013. Serikali kuu imebaki na sera na mtaala. Lakini mwalimu wa nasari ya umma huandikwa na kaunti, si TSC. Jengo ni la kaunti, kiti ni cha kaunti, mfereji ambao haukufika ni wa kaunti. Mtu akikwambia "hayo ni ya wizara, Nairobi", mwambie afungue Katiba.

Na Katiba hiyohiyo, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Michango mingine ikiidhinishwa, mtoto haruhusiwi kunyimwa shule kwa kuikosa. Katika nasari ya kwanza niliona watoto wanne wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa ya mlinzi. Wa miaka minne na mitano, wamebeba mikoba, warudi wenyewe kwa njia ya tuktuk. Hakuna mzazi aliyelalamika. Wote walidhani ndivyo ilivyo.

Sasa ile tofauti yatoka wapi? Nilidhani nitaikuta siasa, kwamba MCA apendelea kwao. Haikuwa hivyo. Nilirudi ile nasari ya tatu nikauliza walifanyaje, nikaelekezwa kwa mzazi mmoja, dereva wa tuktuk. Alitoa faili la plastiki chini ya kiti chake.

"Mie ni wa darasa la nane tu," akanambia. "Lakini nimegundua kitu. Ukienda ofisini kwa mdomo, wakwambia watashughulikia. Ukienda na barua nakala mbili, ya kwako ikapigwa muhuri kwamba imepokewa, watu hubadilika."

Barua yao ya kwanza iliomba mwalimu wa pili. Haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu waliipeleka akina mama kumi na mmoja, wengine na watoto mgongoni, wakakaa benchini mpaka afisa akatoka. Maji waliyapata kupitia kikao cha bajeti. Waliingia mapema, wakakaa mbele, wakangoja saa tatu nzima, na zamu yao ilipofika walisema jambo moja tu: maji ya nasari. Hawakuchanganya na barabara, hawakuchanganya na ajira za vijana.

Hiyo ndiyo tofauti, ndugu yangu. Hakuna aliyewapenda zaidi. Waliuliza, wakaandika, wakarudi. Ile ya kwanza ina kamati pia, kwa karatasi. Mwenyekiti wake amehamishia wanawe akademi, na kikao cha mwisho hakuna mzazi anayekumbuka kilikuwa lini. Nilipoambiwa hivyo nikainamisha kichwa, maanake mwenyekiti huyo na mimi tumefanya jambo moja.

Najua mtakayosema. Nimeyasikia yote, tuyajibu moja moja.

"Sisi tuna madrasa zetu." Sawa, na zidumu. Lakini madrasa haikuwekwa ili kaunti ipumzike. Wazee wetu walilielewa hili kabla yetu. Katika miaka ya 1980 hapa Mombasa, viongozi wa Kiislamu waliona watoto wetu wanaachwa nyuma shuleni. Hawakunung'unika barazani tu. Wakishirikiana na Aga Khan Foundation walianzisha nasari zinazofunza dini na masomo ya shule pamoja, na mwalimu wa madrasa, Bi Swafiya Said, ndiye aliyeshika usukani. Mpango ule ulitoka Mombasa ukafika Zanzibar na Uganda. Wakati huo nasari haikuwa deni la serikali yoyote. Leo ni deni, limeandikwa. Na tena, mtaala wa PP1 na PP2 una shughuli za dini ndani yake, na ya Kiislamu imo. Nilipouliza katika nasari ya kwanza, ambako watoto karibu wote ni wa kwetu, hakuna aliyekuwa akiifunza. Hiyo yatolewa bure na sheria, na sisi hatujawahi kuuliza.

"Mwenye uwezo apeleke praiveti." Nimepeleka, nakwambia kwa ujuzi. Kwanza, akademi nyingi za mtaani ni chumba cha kupanga na mwalimu anayelipwa chini ya yule wa kaunti. Pili, kila mtoto anayetoka hupunguza jina kwenye rejista, na rejista ikipungua ofisi ina sababu ya kusema nasari hii haihitaji mwalimu wa pili. Mwenye uwezo akitoka, anayebaki ni yule asiye na uwezo na asiye na sauti, na pengo la robo saa lazidi kupanuka.

"Kaunti haina pesa." Kaunti zalia, na nyingine zalia kwa haki, pesa kutoka Nairobi huchelewa. Lakini angalia pesa ikifika yaenda wapi. Kaunti ya Nairobi mwaka 2023 iliamua kulisha watoto wa shule za umma, mpango wa Dishi na County, mtoto alipa shilingi 5 kwa sahani. Sisemi mpango ule hauna kasoro. Nasema ulitokana na uamuzi. Huku kwetu uamuzi umekuwa jengo, na sababu yake si fumbo: jengo hukatiwa utepe, mshahara wa mwalimu haukatiwi. Jengo lina kontrakta, lina picha, lina jina la mtu. Mwalimu alipwa kila mwezi na hakuna anayepigiwa makofi. Ndipo tukapata nasari yenye vyumba viwili na mwalimu mmoja. Kwa hivyo ukisikia "tumejenga nasari kadhaa", uliza papo hapo: zina walimu wangapi?

"Kulinganisha shule ni kuwaaibisha walimu." Ukilinganisha walimu, ndiyo. Mimi nimelinganisha viti, maji, choo, rejista na barua. Mwalimu wa watoto 58 hajashindwa kazi. Ameachwa peke yake. Yule wa viazi karai angekuwa wa kwanza kufurahi mtu akihesabu viti vyake.

"Sisi vijana, hata watoto hatuna." Hii ndiyo yaniuma zaidi. Kijana mwenzangu akisimamishwa na polisi bila sababu twajaa hapa, na ni haki tujae. Akizungushwa kwa kitambulisho twapiga kelele, na ni haki. Lakini yule kijana anayezungushwa leo ofisini, asiyejua kuandika malalamiko yake yakaeleweka, alikuwa na miaka minne siku moja. Alikaa mahali fulani, pengine mkekani, pengine mbele ya mlango wenye kufuli. Twangoja afike miaka kumi na minane ndipo tumtetee. Kwa nini tusianze naye huko?

Basi cha kufanya ni hiki, na hakihitaji ufadhili wa mtu.

Wiki hii tafuta nasari za umma zilizo karibu nawe, angalau mbili, kwa sababu moja peke yake haikwambii kitu. Nenda kwa adabu, jitambulishe, omba ruhusa. Usipige picha za watoto. Andika mambo saba: watoto wangapi kwenye rejista na wangapi wamefika leo, walimu wangapi na wako kwa mkataba gani, viti vingapi, choo kipi na kiko umbali gani, maji yatoka wapi, wazazi walipishwa pesa gani na kama risiti yatolewa, kamati ilikutana lini mara ya mwisho. Zipange kando kwa kando. Ukiona pengo, hilo ndilo la kuuliza.

Halafu andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba chakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza. Huhitaji wakili. Hulipi kitu kwa kuomba, ukitaka nakala ndipo waweza kulipishwa gharama yake. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza, wapeleka kwa Ombudsman. Omba mambo matatu: idadi ya walimu na watoto kwa kila nasari ya wadi yako, pesa zilizotengwa kwa majengo na zilizotengwa kwa walimu, na mpango wa kupeleka walimu wapya. Nakala mbili. Muhuri.

Kisha shika kalenda. Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai, lakini ukingoja Julai umechelewa. Mpango wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mikakati ya fedha hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya kusikiza wananchi hufanywa katika misimu hiyo, mara nyingi ukumbi ukiwa nusu tupu. Nenda na akina mama. Semeni jambo moja. Na kikao kikishindwa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yakupa haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Hilo lazima walishughulikie, huwezi kuambiwa "tutaangalia" mlangoni.

Tafadhali jambo moja. MCA akija na viti vyenye jina lake, vipokee, watoto wakae. Lakini usimshukuru kama amekupa sadaka. Ni pesa zako.

Nimalizie na ukweli wangu. Mtoto wa dada yangu sikumrudisha nasari ya kaunti. Dada alikataa, na ana haki. Mtoto si bango la maandamano. Kwa hivyo sina mtoto pale, na nilijiuliza kama nina uso wa kuingilia. Nikaenda kwa yule mama wa mahamri nikamuuliza yeye. Akacheka, akanambia, "Wewe andika tu, sisi tutabeba."

Tuliandika jioni ile, juu ya meza yake, karatasi ikashika mafuta kidogo. Kesho yake walikwenda akina mama sita, na mwanawe akiwa mmoja wa waliobebwa. Barua ilipokewa, nakala yetu ikapigwa muhuri. Twauliza mwalimu wa pili, na funguo ya kile chumba.

Leo ni siku ya tisa kati ya zile 21. Mimi nahesabu. Wewe ya kwako waipeleka lini?